Pitisha Kidole

14 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi hajambo, na yule mbwa wenu mvivu bado yu hai? Sisi huku wazima. Shemeji yako ameota kitambi na anaapa kwamba shati ndilo lililopungua. Mama mkwe bado tunaye. Alikuja kwa wiki mbili na sasa huu ni mwezi wa tano. Mimi na vioo vyangu ni vilevile: nakata, nasugua kingo, natia kwenye fremu, mtu anavaa miwani yake, anachungulia nje ya mlango na kushangaa kwamba mti una majani.

Barua yako ya mwisho nimeisoma kwa tabu. Mwandiko wako siku hizi ni wa kuku aliyekanyaga wino. Ungekubali kupigiwa simu tusingefika huku, lakini kwenye simu unanifokea kana kwamba umo ndani ya pipa, kisha unakata.

Likizo ya Desemba tulisafiri kwa gari kwenda kwao shemeji yako, siku mbili njiani, na mama mkwe tukaenda naye na kurudi naye. Nilitaka sana tupite kwenu, ila barabara yenu ilikuwa kwenye matengenezo, tukaona tuzungukie upande wa milimani. Kwa hiyo hatukufika huko kabisa. Chiriku alijikata kiganja safarini. Utundu wake tu, anaendelea vizuri, na anakusalimu mjomba wake.

Kaka, ule uwanja wa watoto ulioujenga mwaka jana, wenye bati refu la kutelezea, ule uliomchorea Chiriku kwenye barua, umepita kuukagua karibuni? Unakumbuka Baba alivyokuwa akifanya na ndoo alizotengeneza. Hakuna ndoo iliyotoka dukani kabla mmoja wetu hajapitisha kidole kwenye ukingo wake wote, mkono mtupu, polepole. Pitisha kidole kwenye lile bati. Usiniulize kwa nini, wewe pitisha tu.

Mdogo wako,
Macho Manne


20 Februari

Mdogo wangu Macho Manne,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nisamehe, kazi zimenikaba koo. Sisi wazima. Mbwa yu hai, shughuli yake kubwa ni kukibwekea kivuli chake. Wifi yako ameng'oa vifungo vyote vya mashati yangu na kushona vipya, vikubwa kama visahani. Anasema ndiyo fasheni.

Barabara yetu ilikuwa kwenye matengenezo? Basi waliitengeneza kimyakimya, maana sikuona hata sururu moja. Labda ni barabara nyingine. Sina neno.

Uwanja unanipa raha, nakwambia kweli. Jumamosi watoto wanajaa mpaka mama mfagizi anawapanga mstari kwa fagio. Nilichomelea kila kiungo mwenyewe, bembea nne, ubao wa kupanda na kushuka, na lile bati la kutelezea, ndilo kazi ya maisha yangu. Ila mama mfagizi ananiambia mwezi wa Desemba kulikuja wasafiri wenye gari jeupe, mtoto wao akakatwa, wakaondoka bila kusema kitu. Leo ndipo nimepata nafasi ya kwenda. Nimepitisha kidole kama ulivyosema, juu mpaka chini, kushoto na kulia, mara mbili. Laini kama sabuni! Nimemwambia mama mfagizi huyo mtoto alikutana na chupa huko kwenye majani, watoto wa safarini hawatulii. Nimetoka hapo moja kwa moja kuja kukuandikia.

Habari njema ni kwamba zahanati imenipa kazi ya vitanda kumi na viwili vya watoto wachanga, vyenye vizuizi pembeni wasianguke. Mji huu wote watoto wake watalala kwenye mikono yangu. Baba angefurahi.

Uniwie radhi kwa doa lililo juu ya karatasi. Asubuhi nilikuwa napaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na ile rangi mkononi haitoki upesi.

Kaka yako


3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sote hatujambo. Mama mkwe amehamisha vyombo vyangu vyote vya jikoni, sasa nikitaka kijiko nauliza kama mgeni. Chiriku amerudi shule.

Nimekudanganya na sina raha. Hakukuwa na matengenezo wala milima. Gari jeupe lilikuwa letu. Mtoto aliyekatwa ni Chiriku, nyuzi tano, kiganja cha kulia. Alishika ukingo wa lile bati wakati akiteleza, karibu na chini, upande wa kulia. Hakukuwa na chupa. Nami nilipitisha kidole palepale, kaka. Ule ukingo ni msumeno.

Kuhusu kutopita kwako kukusalimu, tulikuwa na haraka.

Lakini siandiki kwa ajili ya hilo. Naandika kwa ajili ya doa. Rangi ya kutu naijua, nimekua nayo kwenye magauni yangu yote ya utotoni. Doa lako halikuwa na rangi hiyo, likanitia wasiwasi. Nilibeba barua hadi kazini, nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Ni alama ya kidole chako. Katikati yake umepita mstari mweupe, mahali ngozi ilipopasuka. Hiyo ni damu. Ulipitisha kidole kwenye bati, likakukata, ukatembea mpaka nyumbani, ukakaa, ukaniandikia kwamba ni laini kama sabuni.

Kaka, hukusikia?

Vitanda vya zahanati subiri kwanza. Nakuomba.

Macho Manne


18 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako anakusalimu. Mbwa amekufa.

Kwa hiyo ni nyinyi. Zahanati ya mji huu iko mkabala na karakana yangu, navuka barabara tu. Umewahi kuja hapa mara tatu, unapajua. Siku ile mlango wangu ulikuwa wazi tangu asubuhi, nilikuwa nachomelea geti la shule. Mtoto wa dada yangu anavuja damu mwendo wa dakika tano kutoka hapo niliposimama, na wewe unaniambia haraka. Mlikuwa mnawahi nini, treni?

Habari ya vidole, Baba alinifundisha mimi kabla wewe hujaota meno. Miaka thelathini sasa hakuna mtu aliyenirudishia kazi. Doa ni rangi. Hicho kioo chako kakichunguzie mboni za watu. Vitanda nimeshaanza, na cha kwanza kimekwisha.

Ulikuwa na nani ndani ya gari? Nijibu hilo, ndipo tuongee mengine.

Kaka yako


2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa mbwa. Nilimtania kupita kiasi, na kumbe alikuwa mzee tu.

Nilikuwa na shemeji yako, Chiriku na mama mkwe. Ningependa kukwambia tatizo ni mama mkwe. Tatizo ni mimi.

Mwaka ule nilipochumbiwa, mama mkwe aliniuliza kaka yangu anafanya kazi gani. Nikasema mhandisi. Neno lilinitoka hivihivi, kama chafya. Nyumba yao ilikuwa na mazulia, nami nilikuwa nimekaa kwenye ncha ya kiti nikihesabu vidole vya miguu. Baada ya hapo sikupata siku nzuri ya kulirekebisha. Ulipokuja harusini nilikunong'oneza usizungumzie kazi, ukanitii, ukakaa mikono mfukoni kutwa nzima, hata kwenye picha. Miaka kumi na miwili nimeuishi uongo huo.

Safarini Chiriku alikuwa na mchoro wako mapajani. Alinisumbua kutwa, anataka kuteleza kwenye chuma cha mjomba. Nikamwambia sikioni: tutasimama, utateleza, lakini bibi asijue kwamba ni cha mjomba. Nilimfanyia kama mchezo. Mama mkwe akauliza, "Si ndio mji wa kaka yako mhandisi? Tumsalimie basi." Nikasema umesafiri kikazi.

Alipokatwa sikupiga kelele. Nilipitisha kidole. Mama mkwe akamfunga mkono kwa mtandio wake, akawa anafoka: "Nani huyu anayewatengenezea watoto wa watu kitu kama hiki?" Kaka, nisikilize nilichosema. Nikasema, "Mafundi wa vichochoroni hao, mama. Hawana shule."

Chiriku akaniangalia. Unamjua, mtoto anayeongea hata na sabuni akioga.  Alinyamaza, damu inapita kwenye mtandio, ananiangalia tu.

Shemeji yako akauliza zahanati iko wapi. Yeye hajawahi kufika huko. Nikamwambia mji huu hauna zahanati, twende mbele. Dakika arobaini. Zote arobaini sikuthubutu kugeuka nyuma.

Nimewahi kuona haya kwa sababu yako, sikufichi. Ya leo si hiyo. Hii ni aibu yangu mwenyewe, naamka nayo, nakwenda nayo kazini, mteja ananishukuru kwa miwani na mimi natamani asiniangalie vizuri.

Nimekujibu. Sasa nawe nijibu. Kitanda cha kwanza, ulikipitishia kidole kipi?

Macho Manne


30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Karibu miezi miwili nimekaa na barua yako kwenye mfuko wa aproni. Wifi yako aliifua pamoja na aproni, lakini nilikuwa nimeshaihifadhi kichwani.

Umeuliza kidole kipi. Hakuna. Vyote havisikii.

Kilianza kidole kidogo, mwaka jana, nikadhani ni uchovu. Kisha vikafuata vingine, vikafa ganzi kimoja baada ya kingine. Nikishika chuma cha moto nasikia harufu kwanza. Vifungo vile vikubwa si fasheni, wifi yako ananisitiri, kwa sababu vidogo navitafuta kifuani kama kipofu. Mwandiko unauona mwenyewe. Kidole nilikuwa nakipitisha kwa mazoea, kila kazi, mbele ya wateja, uso mzito kama Baba. Nilikuwa naigiza. Sikumwambia mtu, maana fundi akishaanza kuonewa huruma, kazi imemwisha.

Barua yako ya Machi niliielewa siku ileile niliyoipata. Shati nililovaa siku ya uwanja lilikuwa na damu kwenye mkono. Ndiyo maana nilikujibu kwa hasira.

Ulipouliza kuhusu kitanda nilichukua soksi kuukuu ya wifi yako, ile nyembamba, nikaenda uwanjani nikaipitisha kwenye ukingo wa bati. Ikanasa. Upande wa kulia, karibu na chini, kama ulivyosema. Nikasimama pale kama mwizi. Ndipo nikakumbuka kitanda. Kilikuwa kimeshachukuliwa na zahanati wiki iliyotangulia.

Nilikimbia, mimi na umri huu, na aproni yangu, watu wananipisha. Ndani ya kitanda alikuwa amelala mtoto wa siku tatu. Nikamwambia nesi amtoe. Akauliza kuna nini, na mama wa mtoto naye ananitazama. Nilifungua mdomo niseme vidole vyangu havisikii. Nikasema rangi haijakauka vizuri.

Mtoto hakuguswa hata unywele. Nyumbani nilipitisha soksi kwenye kile kitanda, ikanasa mahali saba. Kwa hiyo usidhani unaandikia mtu msafi. Wewe ulidanganya mbele ya mtoto wa miaka minane, mimi mbele ya mtoto wa siku tatu.

Bati nimelifungia kwa waya, watoto wananinunia nikipita. Vitanda vimesimama. Kila asubuhi nafungua karakana, nafagia, nafunga. Zahanati wanauliza, na mimi sijui niseme nini.

Habari ya mhandisi nilijua siku ya harusi. Mjomba wa shemeji yako aliniuliza madaraja yanaendeleaje. Nikamwambia yanaendelea vizuri. Hilo nilikusamehe kabla keki haijakatwa. Kilichoniuma ni zile dakika arobaini, na bado kinauma.

Kaka yako


11 Julai

Kaka,

Shikamoo. Nimelia mbele ya mteja, nikasema ni vumbi la vioo.

Dakika arobaini sikuombi unisamehe sasa. Nilitaka tu ujue kwamba zinaniuma mimi pia.

Jana nilimwambia mama mkwe yote. Alikuwa anachambua mboga. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo nilimtukana mtu mbele ya mpwa wake, na wewe ukaniacha niendelee." Ndivyo ilivyokuwa. Siku nzima hakunisemesha. Leo asubuhi ameniuliza kama karakana yako ina kiti cha mtu mzee kukaa.

Tunakuja Agosti, shule zikifungwa. Sote wanne, kwa barabara yenu, na tutasimama mlangoni kwako kwanza. Usijaribu kusafiri kikazi.

Zahanati waambie ukweli kabla hatujafika. Ukishindwa, tutakwenda pamoja, nami nitasema wangu wa Desemba ili usione haya peke yako. Na usifunge karakana. Mikono yako bado inajua kuchomelea, kinachokosekana ni kidole cha mwisho, na vidole kwenye ukoo huu vipo. Chiriku amenisikia nikisema hivyo. Tangu jana anapitisha kidole kwenye kila kitu humu ndani, meza, sufuria, masikio ya baba yake.

Macho Manne


25 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa ni juzi tu mmeondoka na bado nyumba ina kelele zenu. Kitambi cha shemeji nimekiona, shati halina kosa.

Zahanati nilikwenda kabla yenu, sikukwambia. Nilitaka angalau mara moja nifanye jambo bila kushikwa mkono. Mganga mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mishipa ya vidole huenda isirudi, na kwamba vitanda anavitaka vilevile, ila kila kimoja kikaguliwe na mtu mwingine mbele yake. Mama mfagizi amekubali. Anapitisha kidole kwa ukali kiasi kwamba naona huruma kwa chuma. Naye nilimwomba radhi kwa habari ya chupa, akasema alijua tangu siku ile, kwa sababu yule mama mwenye gari jeupe alipitisha kidole kwenye bati vilevile ninavyofanya mimi. Alikuwa akingoja niseme.

Mwambie mama mkwe ile ndoo aliyokalia karakanani sasa ni yake, hakuna mtu mwingine atakayeikalia. Aliponiita fundi, mbele ya wateja wangu, sikujua nitazame wapi.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Nadhani Chiriku hajakueleza, kwa sababu aliniambia mimi tu. Ni siku ile mlipokwenda sokoni, tukabaki yeye na mimi uwanjani. Nilikuwa nimetoa waya. Nilimpa chaki, nikamwambia apitishe kidole, na kila anaposikia pabaya aweke alama, mimi nitafuata na tupa. Alianza juu, mdomo haufungi, ananisimulia habari za shule, za mwalimu wao mwenye chongo, za sabuni. Aliweka alama kumi na tisa. Kila alama nilikuwa naipiga tupa huku uso unaniwaka, lakini nikavumilia, maana yeye hakuwa na kinyongo chochote.

Tulipofika chini, upande wa kulia, akanyamaza. Nilidhani amekumbuka. Nikataka kumwambia basi, inatosha. Akakunjua kiganja cha kulia, akanionyesha kovu.

"Mjomba, hapa mimi sisikii kitu," akasema. "Hata ukinifinya. Kama wewe!"

Alisema kwa furaha, kama mtu aliyegundua kwamba tumefanana pua.  Nilijifanya natafuta tupa, na tupa ilikuwa mkononi mwangu.

Yeye akahamishia chaki mkono wa kulia, akaendelea kupitisha vidole vya mkono wa kushoto.

Kaka yako